Manowari ya Bomba Tatu na Mgongo wa Kadi



Wapendwa katika Kristo, katika mwezi huu wa Novemba, ambapo Mama Kanisa anawaombea marehemu wote, tumeona vema kuyaelekeza mawazo yetu kwenye delta ya Rufiji, kwa njia ya vitu vidogo ambavyo hatukuzoea kuviita historia: kadi za posta za wakati wa vita.

Kule Kanada wapo wanaokusanya kadi ambazo askari wao waliziandika wakiwa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, baadhi zikiwa zimetariziwa kwa nyuzi za hariri. Mkusanyaji mzoefu hatosheki na picha. Huigeuza kadi ausome mgongo wake, maana hapo ndipo penye mtu: kikohozi kisichopona, soksi zilizopokelewa, salamu kwa shangazi.

Kwetu Rufiji picha zipo. Mgongo ndio uliobaki mtupu.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na wenyeji wakaiita “manowari na bomba tatu” kwa sababu ya dohani zake. Tarehe 20 Septemba iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji, upande wa Salale, eneo ambalo leo ni la wilaya ya Kibiti. Waingereza waliifunga midomo ya mto kwa miezi mingi. Hatimaye, tarehe 11 Julai 1915, manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliimaliza, huku ndege iliyoruka kutoka Mafia ikiwaelekeza wapiga mizinga mahali makombora yalipoangukia. Mwelekezaji ndani ya ndege hiyo, Harwood Arnold, alikuwa Mkanada. Ndege ilipopigwa na kuanza kushuka, aliendelea kutuma ishara hadi ilipoangukia mtoni, na yeye na rubani wake wakaokolewa.

Picha za meli ile ikiwa imelala ubavu katika tope zimehifadhiwa kwa uangalifu. Mmoja wa mizinga yake upo Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, na wageni hupiga picha hapo hata leo. Mabaharia wa Pegasus nao wana makaburi katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Unguja.

Lakini ni nani aliyekokota? Meli ilipokuwa mafichoni, vyombo vya boila zake viliharibika. Ilibidi vivutwe kwa nguvu za watu hadi karakana ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kisha virudishwe vilevile. Baada ya meli kuangamia, mizinga yake yote 10 ilitolewa majini na kupelekwa Dar es Salaam kufungiwa magurudumu, na vita ikaendelea bara hadi Novemba 1918. Maelfu ya watu walivuta kamba zile. Sisi hatujapata kuona kadi ambayo mmoja wao aliiandikia mke wake.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inafanana kidogo na kadi hizo: juu kasimama mwenye bunduki, ilhali wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, kwa jumla, bila majina. Na jina la Kariakoo, ambalo asili yake ni kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza, tunalitamka kila tuendapo kununua nyanya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliifia himaya ya Uingereza katika vita ile bila kukumbukwa kwa jina, au bila kukumbukwa kabisa. Hesabu hiyo haiwagusi waliokufa wakiwabebea Wajerumani.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wenye wazee huko Salale, Mbwera na Nyamisati: waulizeni babu zao walisimulia nini juu ya kamba zile, mkaandike, japo ni jina moja tu. Wengi wa marehemu hao walikuwa Waislamu. Majina yao yakipatikana tutayasoma katika Misa ya marehemu pamoja na ya kwetu, na orodha tutawapelekea pia majirani zetu msikitini, wawasomee dua.