Riwaya za vita, fumbo na mapenzi: mbona zinatushika hivi?

Sawa wadau, leo tuongee vitabu. Na kabla hujapita ukisema vitabu ni vya shule, jiulize: ile riwaya uliyoisoma kwa simu hadi saa nane usiku ilihusu nini? Kwa wengi ninaowajua, jibu ni lile lile. Vita vya zamani, mtu amepotea, na wawili wanapendana wakati mbaya kabisa. Paris imetekwa, London inapigwa mabomu, kuna barua imefichwa mahali. Umelia. Kesho yake umemtumia rafiki yako ndiyo naye alie.

Wakubwa wetu huzicheka. Wanasema hiyo ni sukari tu imepakwa juu ya historia. Mimi nakataa. Nadhani zinatushika kwa sababu historia yetu wenyewe, hapa Uriri na Migori yote, imekaa hivyo hivyo: vita, fumbo, na mtu aliyebaki nyumbani akingoja.

Hebu turudi 1914. Uingereza ilitawala Kenya, Ujerumani ilitawala ng'ambo ya pili, na mpaka wao ulikuwa huku kwetu. Vita vilianza Ulaya kati ya Julai na Agosti. Kufika Septemba vilikuwa tayari mlangoni. Wajerumani walivuka kutoka upande wa Shirati wakaenda kuteka Kisii. Angalia ramani uone katikati ya Shirati na Kisii kuna nani. Ni sisi. Tarehe 12 Septemba, askari wa KAR, wale ambao wazee waliwaita Keya, walipambana nao Kisii hadi jioni, kisha pande zote mbili zikarudi nyuma. Wenyeji wakapora mji, na Waingereza waliporudi wakalipiza kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Mwezi huo huo, pale Karungu, meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ilikutana ziwani na Muansa ya Wajerumani. Karungu hii hii ya samaki! Lakini muulize kijana wa hapa kuhusu vita, atakuambia habari za Normandy.

Halafu kuna wale ambao hawakubeba bunduki. Barabara zilikuwa chache, na ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hivyo chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu, kichwani na mabegani, kutoka huku hadi kusini kabisa mwa Tanganyika na kupita. Hao ndio Kariokor. Mtaa wa Kariokor Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina kutoka kwao. Nyanza ilitoa watu wengi sana, na wengine hawakujitolea, walishikwa tu. Waliokufa kwa malaria, kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kuhusu vita hivyo. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati. Ukienda Nairobi, Kenyatta Avenue, utaona sanamu za shaba za wanaume watatu. Mmoja wao ni mpagazi. Umeshapita hapo mara ngapi? Ni mmoja anayesimama badala ya maelfu, na hana jina.

Hapo ndipo fumbo linapoingia. Katika riwaya za Ulaya, mwandishi hulazimika kulitunga. Mjukuu anapata sanduku darini, anafuata barua, anaenda makumbusho, anapata jina kwenye orodha. Kwetu fumbo liko tayari, ila hakuna dari, hakuna barua, na mara nyingi hata orodha hakuna. Mtu aliondoka asubuhi na mzigo kichwani, basi.

Na mapenzi? Fikiria mke wake. Huyo ni mke au mjane? Aendelee kungoja au akubali kurithiwa na shemeji? Kwa desturi ya Kiluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi hivyo. Tunda la yago, lile refu na zito, linazikwa mahali pa mwili wake ili msiba uwe na mwisho. Lakini ili uzike yago, lazima kwanza mtu aseme: huyu harudi tena. Nani alisema? Baada ya miaka mingapi? Na yule mwanamke alisikia nini moyoni siku hiyo? Hakuna afisa wa koloni aliyeandika hilo. Riwaya inaweza.

Na si eti hazipo. Soma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Nobel 2021. Hamza anarudi kutoka jeshi la Wajerumani akiwa ameumia, anampenda Afiya, na kakake Afiya, Ilyas, ameenda vitani na hajulikani aliko. Aliishia wapi? Sisemi, soma. Soma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1967: Uhuru umebaki siku chache, kijiji kinataka kujua nani alimsaliti Kihika, na Gikonyo ametoka kizuizini akakuta mambo kati yake na Mumbi si yale aliyoyaacha. Soma Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor: Mwingereza anakuja Kenya kumtafuta babake, na boma anakoelekea linaitwa kwa Kiluo, Wuoth Ogik, yaani safari imefika mwisho.

Angalia hizo tatu. Ukiondoa mapenzi, Hamza anabaki askari mmoja kati ya maelfu. Ukiondoa fumbo, unabaki na tarehe za kukariri ukangoje mtihani. Mtoto wa miaka kumi na saba hawezi kulilia 116,000. Anaweza kumlilia mmoja.

Ndiyo, kuna hatari. Riwaya tamu inaweza kutufanya tuamini kwamba kila aliyepotea alipatikana, na kila aliyengoja alilipwa. Wengi hawakulipwa, hata ile mishahara ya upagazi haikuwafikia wote. Kwa hivyo ukisoma, soma na swali: hapa mwandishi amejua, au amejaza?

Ombi langu ni moja. Usiache Paris, soma tu. Lakini likizo hii ukienda nyumbani, iwe Uriri, Rongo, Ndhiwa au Karungu, kaa na nyanya yako umuulize: kuna mtu wa boma hili alienda Kariokor au Keya asirudi? Aliitwa nani? Nani alimngoja? Kuna mahali palizikwa yago? Andika jina hilo, hata kwa simu. Waliosimuliwa na wake na watoto wa watu hao sasa ni wazee sana, na sisi ndio tunaotaka kuwa waandishi.