Kupima Kitu na Kumpima Mtu: Historia Fupi ya Istilahi za Unururifu

Istilahi tatu ndizo zilizotusukuma kuandika makala haya: unururifu, dozi na uchafuzi. Katika tafsiri nyingi zinazotufikia, zote tatu huwakilishwa na neno moja tu, mionzi. Mfasiri huandika kwamba chupa "ina mionzi mingi", kwamba mgonjwa "amepewa mionzi", na kwamba "mionzi imemwagika mezani". Naye msomaji hudhani kwamba ni jambo moja lisemwalo mara tatu. Kumbe ni mambo matatu, na kila moja lina hatari yake na kinga yake. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba hata wanasayansi hawakuyatenga mambo hayo kwa siku moja, na kwamba kuchelewa huko kuligharimu maisha ya watu.

Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi ya urani huacha alama juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, hata pasipo mwanga wa jua. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu, na katika mwaka huohuo wakaipa jina tabia hiyo ya maada, ambayo kwa Kiswahili twaiita unururifu.

Yafaa tukumbuke kwamba tangu mwanzo Marie alikuwa mpimaji. Hakuridhika na weusi wa bamba. Alitumia chombo cha kupimia umeme kilichotokana na uvumbuzi wa Pierre na nduguye Jacques, akapima jinsi hewa iliyo karibu na madini ilivyopitisha umeme. Ndivyo alivyotambua kwamba baadhi ya madini ya urani yalikuwa na nguvu kuliko urani yenyewe, kwa hiyo yalificha kitu kingine. Kufikia mwaka 1902 alikuwa amepata sehemu ya kumi tu ya gramu ya kloridi ya radiamu kutoka katika tani za mabaki ya madini.

Lakini kilichopimwa kilikuwa kitu, hakikuwa mtu. Mwaka 1901 Becquerel alitembea na tyubu ya radiamu katika mfuko wa kizibao chake, akaungua ngozi. Pierre naye aliiweka radiamu juu ya mkono wake kwa makusudi, akaeleza jinsi kidonda kilivyopona polepole. Vidole vya wote waliokuwa wakiishika radiamu vilikuwa vigumu na vikibambuka. Walijua kwamba inaunguza. Walichokosa ni neno na kizio cha kusema mtu amepokea kiasi gani.

Vizio vya kitu, kwa upande mwingine, viliendelea kusitawi. Mwaka 1908, huko Manchester, Ernest Rutherford na Hans Geiger waliweza kuhesabu chembe za alfa moja moja kwa njia ya umeme. Mwaka 1910 mkutano wa kimataifa wa Brussels ulikubali kizio kiitwacho curie, kwa heshima ya Pierre aliyekwisha kufariki mwaka 1906. Mwaka 1911 Marie akatayarisha kipimo-mama cha dunia: kloridi ya radiamu yenye uzito wa miligramu 21.99, ndani ya tyubu ya kioo iliyozibwa. Hivyo radiamu ilipimwa kwa usahihi wa ajabu na watu ambao wao wenyewe hawakupimwa.

Hapo historia hii inafika kwetu. Mwaka 1915 madini yenye urani nyingi yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambako Kiswahili kilikuwa kikienea na kuwa lugha ya kazi. Kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, kilitoa radiamu kutokana na madini hayo, na bei yake katika soko la dunia ikashuka sana. Basi sehemu kubwa ya radiamu ya maabara na hospitali za miaka hiyo ilitoka katika ardhi ya wasemaji wa lugha yetu. Asidhani mtu kwamba somo hili ni la wageni tu.

Aliyeulazimisha ulimwengu kumpima mtu hakuwa profesa. Katika mji wa Orange, New Jersey, nchini Marekani, wasichana walichora tarakimu za saa kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, nao walifundishwa kuinoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Kiasi kilichokuwamo katika rangi hiyo kilikuwa kidogo mno. Ila radiamu, ikiisha kuingia mwilini, hufuata njia ya kalisi na kufanya makao katika mifupa, ambamo huendelea kutoa mionzi kwa miaka mingi. Taya za wasichana hao zilioza, na wengine wakafa. Mwaka 1925 Dkt. Harrison Martland alichapisha uchunguzi wake juu yao, na mwaka 1928 wanawake watano waliofungua madai mahakamani walilipwa kwa maridhiano. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuna hatari ya mionzi ipigayo mwili kutoka nje, na kuna hatari nyingine ya kitu chenyewe kuhama kutoka mahali pake na kuingia ndani ya mtu.

Katika mwaka huohuo wa 1928 mkutano wa Stockholm ulikubali kizio cha roentgen na kuunda kamati ya kimataifa ya kinga. Mwaka 1934 kamati hiyo ilitaja kikomo cha roentgen 0.2 kwa siku. Na tarehe 4 Julai ya mwaka huo Marie Curie akafariki kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na kazi yake. Mwaka 1941 Marekani ilitangaza kwamba mfanyakazi asiwe na zaidi ya mikrocurie 0.1 ya radiamu mwilini. Kikomo hicho kilitokana na miili ya wachoraji wa saa.

Vizio tutumiavyo leo vilikuja baadaye. Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mwaka 1975 ulikubali bekereli na grei, na ule wa mwaka 1979 ukaongeza siverti. Bekereli moja ni mbomoko mmoja wa kiini cha atomu kwa sekunde. Curie moja ni bekereli 37,000,000,000. Grei moja ni nishati ya jouli moja iliyofyonzwa na kilo moja ya maada. Siverti huzingatia pia aina ya mionzi na madhara yake kwa mwili. Kizio cha dozi cha mwaka 1953, rad, kingeandikwa kwetu radi, nasi tungeambiwa kwamba mgonjwa amepigwa radi 200. Kuja kwa grei kumetuepusha na balaa hilo.

Sasa na tutazame maabara. Unururifu ni sifa ya kitu, nao hupunguzwa kwa kutumia kiasi kidogo kitoshacho kazi. Dozi ni kile kilichompata mtu. Hupunguzwa kwa muda mfupi, umbali na kizuizi. Mtu akisimama mita mbili kutoka kwenye chanzo kidogo badala ya mita moja, hupokea robo tu. Uchafuzi ni kitu nururifu kilichoenea pasipotakiwa, nao huzuiwa kwa glavu, kwa sinia lenye karatasi inyonyayo, na kwa mwiko wa kula au kuvuta kimiminika kwa mdomo. Kinachomwagika mezani, basi, si mionzi. Ni kimiminika nururifu. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa mionzi imemwagika huenda akasimama mbali na kujiona salama, huku viatu vyake vikiubeba uchafuzi hadi nyumbani.

Neno jingine la kuangaliwa ni kipimo. "Amepewa kipimo cha mionzi" yaweza kumaanisha kwamba amepigwa picha ya eksirei, amekabidhiwa chombo, au amepokea dozi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1983 iliunda tume ya kusimamia mionzi, na ile ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Kikomo hicho ni cha dozi. Mtumishi atakayekifasiri kwa neno kipimo atamwachia mlinzi wa maabara kukisia.

Kwa hiyo twapendekeza hivi: mionzi iwe ni ile itokayo, unururifu uwe sifa ya kitu kiitoacho, dozi iwe kiasi kilichopokewa, uchafuzi uwe kuenea kwa kitu chenyewe, na kipimo kibaki kwa chombo na tendo la kupima. Walimu wayajaribu maneno haya madarasani, wafasiri wayajaribu katika miongozo, nao watuandikie yanapokwama.