Rosa Mistika: Riwaya Iliyofukuzwa Shule

Mwaka 1971 Tanzania ilipata mambo mawili yaliyomhusu msichana: sheria na riwaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe, mradi baba yake aridhie. Riwaya ilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa na East African Literature Bureau. Sheria ikaanza kutumika. Riwaya ikapigwa marufuku shuleni. Binti aliyeruhusiwa kuozwa hakuruhusiwa kusoma yaliyompata Rosa.

Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alikuwa ametoka karibuni tu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomaji walishazoea hadithi za maadili za Shaaban Robert na za upelelezi za Muhammed Said Abdulla. Yeye akawaletea baba mlevi, barua ya mapenzi na fimbo.

Zakaria, mwalimu aliyeacha kazi akawa mtu wa pombe, anainasa barua ambayo kijana aitwaye Charles amemwandikia bintiye Rosa. Usiku huohuo Rosa anacharazwa. Kichekesho chenyewe ni kichungu: mzee asiyeweza kujizuia mbele ya kibuyu ndiye anayejipa kazi ya kumlinda mwanawe. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote kuwahusu. Anapofika sekondari Mwanza, mbali na fimbo, Deogratias, bwana maendeleo, hahitaji ujanja mwingi.

Kisha anakuja mkoani Morogoro, kwenye chuo cha ualimu, na huko mkuu wa chuo, aliyepaswa kuwa mlezi, anageuka hawara. Msomaji wa Kilosa, mkoani humohumo, ana haki ya kuuliza: huyu binti hakuwa na kungwi? Kwa Wakaguru na Wasagara, wenyeji wa Kilosa, ukoo hufuatwa kwa mama na mjomba ana sauti kubwa. Msichana akivunja ungo alitiwa ndani, akafundwa na wanawake wazima kwa nyimbo na mafumbo, mengine ya kuchekesha na yasiyosemeka hadharani. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro zake, kwani yalimwandaa binti kwa ndoa mapema mno, lakini hayakumficha mwili wake. Rosa alikosa unyago, akakosa na elimu ya kisasa badala yake. Alipata kipigo tu.

Mwisho wake ni kujiua, baada ya Charles kumkataa kwa kuwa si bikira. Hata hapo Kezilahabi haachi kejeli: baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na kesi ya malezi inaunguruma upya ahera.

Kesi ya hapa duniani ilikawia zaidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo Oktoba 2019. Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Riwaya yenyewe ilishafunguliwa mlango zamani, ikawa kitabu cha kutahiniwa sekondari. Rosa wa kubuni alirudishwa darasani miaka mingi kabla ya wenzake wa kweli.