Pampu Iliyosikika: Ufundi wa Magari ya Mbio Chini ya Longonot

Wafungwa wa kivita wa Kiitalia walichonga barabara ya Mai Mahiu kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na mwaka 1942 wakajenga kando yake kanisa dogo ambalo lipo hadi leo. Kwa mafundi wa magari wa Naivasha na Nakuru, barabara hiyo ilikuwa kazi isiyokwisha. Gari lilitoka Nairobi, likateremka kwenye joto la bonde la Kedong, likapita chini ya Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, na siku ya kurudi likaukabili ukuta uleule kwa gia ndogo, injini ikiwa ya moto sana. Malori yalichemsha maji. Magari ya michezo yalikuwa na ugonjwa wao: injini inakohoa, inalegea, inazimika, ilhali tangi limejaa petroli.

Chanzo kilikuwa hewa yenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na kadiri unavyopungua ndivyo petroli inavyochemka kwa joto dogo zaidi. Magari mengi ya zamani yalikuwa na pampu iliyosukumwa na injini na kufungwa ubavuni mwake, penye joto kali kuliko kwingine. Pampu hiyo ilinyonya petroli kutoka tangi lililo nyuma, na kunyonya kunazidi kupunguza mgandamizo ndani ya bomba. Petroli ikageuka mvuke njiani, na pampu iliyotengenezwa kuvuta majimaji ikabaki kuvuta upepo.

Dawa ilikuwa pampu ya umeme iliyo mbali na injini, ikisukuma petroli badala ya kuinyonya. Wakenya waliifahamu hata nje ya mbio, kwa sababu Morris Minor ilikuja na pampu ya SU kutoka Uingereza, na magari ya michezo kama Austin-Healey na MGB yaliletwa na pampu za kampuni hiyohiyo. Ndani yake sumaku ya umeme huvuta kiwambo na kuingiza petroli. Kiwambo kikifika mwisho, ncha mbili za chuma zinazopitisha umeme huachana, springi ikakirudisha na kuisukuma petroli mbele. Kila mzunguko hutoa mlio: tak.

Mlio huo ndio uliokuwa kipimo cha fundi. Ufunguo ukigeuzwa, pampu nzima hulia haraka, kisha hupunguza mwendo na kunyamaza bakuli la kabureta likijaa. Ikilia mfululizo bila kunyamaza, ama tangi ni tupu, ama bomba linavuta hewa mahali fulani, ama petroli imechemka. Ikilia mara mojamoja injini ikiwa imezimwa, kuna mahali petroli inapenya: vali ya pampu haizuii petroli kurudi, au sindano ya kabureta haifungi. Ikiwa kimya kabisa, fundi aliigonga taratibu kwa mpini wa spana; ikiamka, ncha zimeungua na zinahitaji kusafishwa au kubadilishwa. Isipoamka, alipima umeme kwa taa ndogo, kwanza waya unaoleta, halafu ule unaorudi kwenye bodi, kwa kuwa kutu kwenye bolti moja ilitosha kuifanya pampu nzuri ionekane imekufa.

Kutofautisha pampu mbovu na petroli iliyochemka kulihitaji kitambaa kibichi tu. Kilifungwa juu ya bomba na pampu, dakika chache zikapita, na injini ikiwaka bila kitu kingine kuguswa, pampu haikuwa na hatia.

Mbio ndizo zilizokuza ujuzi huu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kumshangilia Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miongo kadhaa ilikuwa mtihani wa magari ya kawaida kwenye barabara za kawaida. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mbioni. Kabla ya hapo alikuwa fundi aliyezunguka barabarani kuwasaidia wanachama wa chama cha wenye magari waliokwama.

Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1974 Nissan, mtengenezaji wa Datsun, iliziongezea 260Z za soko la Marekani pampu ya umeme karibu na tangi, ili kutibu mvuke uleule uliowasumbua madereva wa Bonde la Ufa.

Mwaka uliofuata, Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 ya kuingiza petroli kwa sindano, na kazi ya fundi ikabadilika. Pampu za mifumo ya namna hii hazigongi tak. Huvuma bila kukatika, na mvumo wa pampu dhaifu unaweza kufanana na wa pampu nzima. Porsche 911 za mfumo wa K-Jetronic huhitaji mgandamizo wa takriban baa 5, ilhali kabureta huridhika na pungufu ya robo ya baa. Sikio peke yake halikutosha tena. Fundi alihitaji geji, chupa yenye alama za ujazo na saa: pampu isukume kwa nusu dakika, kisha mafuta yapimwe. Mgandamizo ukiwa sawa na kiasi kikiwa kidogo, anayeshukiwa kwanza ni chujio. Pampu hizo pia hupozwa na petroli inayopita ndani yake, kwa hiyo dereva aliyezoea kutembea na tangi karibu tupu aliiua pampu yake taratibu.

Vumbi la majivu ya volkano halikuchagua mfumo. Liliziba tundu la kupumulia tangi. Petroli ikitoka na hewa isiingie, pampu ilishindana na ombwe. Kipimo chake ni kufungua kifuniko: tangi likivuta hewa kwa mfyonzo mrefu na injini ikapata nguvu, hakuna haja ya kununua pampu.

Mashindano ya dunia ya rally yaliondoka Kenya baada ya 2002 na kurudi mwaka 2021, kambi yake ikiwa Naivasha na njia zake zikipita Kedong. Magari yake ya sasa huonyesha mgandamizo wa petroli kwenye kompyuta. Mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, zilizoanza 2003, zimewarudisha mafundi kwenye mashine za miaka ya 1970. Baadhi ya magari hayo hufungwa pampu mbili za umeme na swichi karibu na dereva. Ya kwanza ikilegea, dereva huhamia ya pili na kuendelea hadi kituo cha matengenezo, na huko fundi huanza na waya wa bodi na chujio kabla ya kuigusa pampu.