Sangara anapofika Kariakoo, bei yake imetoka mbali

Ndugu mfanyabiashara, juzi mama mmoja muuza samaki Kariakoo aliniuliza: "Afisa, sangara ni wa ziwa letu, mbona bei yake kama ya mgeni?" Swali lake lina historia.

Ni mgeni kweli. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila upande. Wengi hawakumpenda: ana mafuta, hakaushiki juani kama furu, ilibidi kumbanika kwa kuni. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, jirani wa kiwanda akabakiziwa mapanki.

Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema hatari ya kuambukizwa kwa samaki hao ni ndogo, lakini zuio lilidumu hadi katikati ya 1998. Mwaka 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu.

Hapa wengi hukosea. Hudhani soko la nje likifungwa, sisi wa ndani tunakula raha. Ni kweli bei mwaloni ilianguka. Lakini mvuvi aliyekopeshwa nyavu na wakala wa kiwanda deni lake halikuanguka, na mvuvi asipoingia majini, wewe huku Dar huna mzigo.

Siku hizi kuna na mabondo, ambayo zamani yalitupwa. Mnunuzi wa China na Hong Kong huyalipia kwa kilo kuliko nyama yenyewe (ndiyo maana sangara wako anafika akiwa ameshapasuliwa tumbo!).

Vibua na changu wa Feri wana mambo yao: kusi ikivuma sana, vyombo havitoki, mnada unapanda. Utaona kwa macho. Cha sangara huwezi kukiona ukiwa Kariakoo. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa Mwanza, piga simu mbili: moja kwa anayepima mwaloni, nyingine kwa anayepeleka kiwandani. Kama kiwanda kimepunguza kununua, usifunge bei ya mwezi mzima. Chukua mzigo wa siku mbili, na barafu ya kutosha.