Kupunguzwa Si Kufukuzwa

Septemba 2019, Andela, kampuni iliyokuwa ikifunza vijana wa Kiafrika kuandika programu na kuwaunganisha na wateja wa ng'ambo, iliondoa watu wapatao 250 Uganda na Nigeria, ikasema wengine wapatao 170 Kenya wangeweza kuguswa. Hawakuwa wameiba wala kuzembea. Wateja walitaka madevelopa wazoefu, na wao walikuwa bado wachanga.

Mtaani tungesema wamefukuzwa, au wamepigwa chini. Ni kuwaonea. Anayefukuzwa ana kosa. Kuachishwa ni neno pana, linabeba kila namna ya kuondolewa. Kupunguzwa kazi ni pale nafasi yenyewe inapokufa kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za muundo wa kampuni. Waliopitia ubinafsishaji wa mashirika ya umma miaka ya 1990 waliita redandansi, na wengi bado wanaita hivyo.

Tofauti hii ina fedha ndani yake. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi juu ya njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Wa mshahara wa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Kenya ni siku 15. Kwa hiyo aliyefanya kazi miaka 3 Tanzania analipwa siku 21, na hiyo haitoshi hata kodi ya nyumba ya muda mrefu. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF una fao la kukosa ajira: kwa mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyejiuzulu mwenyewe halipati. Ukiombwa uandike barua ya kujiuzulu "ili tuachane vizuri", kataa kwa adabu.

Sasa mchukue developa aliye Sigino, nje kidogo ya Babati mjini, anayefanyia kazi nyumbani kwa kampuni ambayo hajawahi kuona mlango wake. Huenda mkataba wake unamwita mtoa huduma, si mwajiriwa. Wa namna hiyo hapunguzwi. Mkataba wake unasitishwa tu, hana notisi ya kisheria wala kiinua mgongo. Hata hivyo jina la mkataba si neno la mwisho. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amemfanyia kazi mtu mwingine wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au anamtegemea kwa kipato. Ila kampuni isiyo na ofisi wala mali nchini ni shida kuikamua hata ukishinda. Huyo akiba yake ndiyo kiinua mgongo chake.

Basi soma mkataba wako wiki hii, na uhakiki michango yako NSSF kabla upepo haujabadilika. Ukiachishwa isivyo halali, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.