Amplifaya ya valvu inapokwaruza: namna ya kutafuta hitilafu kwenye sehemu ya nguvu

Mwaka jana bendi moja ya dansi ilikuja kurekodi studioni kwetu ikiwa na amplifaya ya gitaa ya valvu, zile za kizamani zenye taa za kioo mgongoni. Nyimbo mbili za kwanza gitaa la solo lilitoka safi. Wimbo wa tatu sauti ikaanza kukwaruza, na kufikia wa tano kila noti ilisikika kama inapita kwenye karatasi iliyochanika. Wote tuliokuwepo, watangazaji na mafundi, tulitoa hukumu moja: valvu zimekwisha. Zikaagizwa mpya mbili kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa basi, zikafungwa. Jioni hiyohiyo moja ikawa nyekundu kama kaa la moto na fyuzi ikakatika. Kumbe tatizo lilikuwa kapasita moja ndogo, ambayo bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kifurushi kile. Valvu za zamani tulipozipima baadaye zilikuwa bado nzima.

Tangu tulipokisimulia kisa hicho hewani, wapiga gitaa na mafundi redio wametuuliza mara nyingi: mtu atajuaje mkwaruzo unatoka wapi kabla hajatoa fedha? Makala haya yanajibu swali hilo kwa upande wa sehemu ya nguvu, yaani ile inayosukuma spika.

Onyo kwanza, na tunaomba lisirukwe. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 500 za umeme wa moja kwa moja, na kapasita kubwa huweza kuendelea kuushikilia umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Unaweza kuua. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa namna hiyo, ishia kwenye vipimo vya nje tutakavyoanza navyo, kisha mpelekee fundi maelezo yako. Fundi naye, kabla ya kugusa chochote ndani, azimwage chaji kapasita hizo kupitia rezista ya omu 10,000 yenye wati 5 au zaidi, apime kwa multimita kuhakikisha volti zimeshuka karibu na sifuri, na wakati wa kupima chombo kikiwa kimewashwa mkono mmoja ukae mfukoni.

Sauti inavyosafiri

Gitaa hutoa umeme mdogo sana. Unaingia kwanza kwenye valvu ndogo, mara nyingi aina ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Hapo unakuzwa na kupita kwenye vitufe vya besi na trebo. Kisha kuna valvu nyingine ndogo inayougawa mawimbi mawili yanayokwenda kinyume, moja likipanda jingine linashuka. Kila wimbi linapelekwa kwenye valvu yake kubwa: 6L6 na 6V6 kwenye amplifaya nyingi za Fender, EL34 kwenye Marshall nyingi, EL84 kwenye Vox AC30. Valvu hizo mbili husukuma na kuvuta kwa zamu kama watu wawili wenye msumeno mmoja, na transfoma ya kutolea sauti huunganisha kazi yao na kuipeleka kwenye spika.

Mfano wa msumeno unasaidia sana kwenye kutafuta hitilafu. Mmoja akichoka, kazi inaendelea lakini vibaya. Wakichelewa kupokezana, panakuwa na pengo katikati. Hitilafu nyingi za sehemu ya nguvu ni moja kati ya hizo mbili.

Lakini si kila mkwaruzo ni ugonjwa. Amplifaya ya valvu ikifunguliwa sana huanza kuchanika kidogokidogo, na wapiga roki huilipia fedha nyingi sauti hiyo. Kwenye dansi na rumba mambo ni tofauti, kwa kuwa solo na rithimu zinatakiwa zisikike noti kwa noti, kama shanga. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, amplifaya inakwaruza mahali ambapo zamani ilikuwa safi? Kama jibu ni ndiyo, ina hitilafu.

Vipimo vya nje

Anza na spika. Unganisha amplifaya kwenye kasha jingine la spika lenye omu zilezile. Mkwaruzo ukitoweka, umemaliza kazi bila kufungua skrubu hata moja. Spika iliyochanika huiga hitilafu ya valvu kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alipotaka gitaa lake likwaruze kwenye "You Really Got Me", aliichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe. Zima amplifaya kila unapobadilisha nyaya, na usiiwashe kamwe bila spika. Amplifaya za transista nyingi huvumilia jambo hilo, lakini ya valvu ikipigwa bila mzigo hupandisha volti kali ndani ya transfoma ya kutolea sauti na inaweza kuiunguza.

Baada ya spika, tenganisha sehemu ya mwanzo na sehemu ya nguvu. Ikiwa nyuma kuna matundu yaliyoandikwa SEND na RETURN, kazi ni rahisi. Chukua waya kutoka SEND uuingize kwenye mixa au amplifaya nyingine. Sauti ikiwa safi huko, sehemu ya mwanzo haina kosa. Kisha ingiza muziki wa simu kwenye RETURN, ukianza na sauti ya chini kabisa. Ukikwaruza, hitilafu iko sehemu ya nguvu. Kama matundu hayo hayapo ila kuna kitufe cha masta, kishushe sana huku sauti ya mwanzo ikiwa ya wastani. Mkwaruzo unaobaki vilevile hata kwa sauti ndogo kwa kawaida hutoka sehemu ya mwanzo. Unaokuja tu masta ikipanda, elekeza macho kwenye valvu kubwa.

Macho yenyewe ni kipimo. Zima taa za chumba uangalie valvu kubwa kwa dakika kumi. Rangi ya chungwa katikati ni ya kawaida, hiyo ni hita. Mwanga wa buluu unaotandaza kwenye kioo nao mara nyingi hauna shida. Lakini bati la kijivu linalozunguka katikati, yaani anodi, likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Na kama moja ya valvu haiwaki kabisa, au kioo chake juu kimegeuka cheupe kama maziwa badala ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, hewa imeingia na imekufa.

Sikiliza aina ya mkwaruzo

Sisi wa redio tunaishi kwa masikio, na hapa masikio yanafanya nusu ya kazi. Piga noti moja, iache ife yenyewe.

Ikiwa mwanzoni ni safi, kisha inapofifia inakuwa na ukavu, kama mchanga, hilo ni pengo la kupokezana. Valvu zimewekewa bayasi baridi mno. Bayasi ni ile volti hasi kwenye gridi inayoamua valvu ipitishe mkondo kiasi gani ikiwa imetulia. Ikizidi uhasi, kila valvu inalala kabla mwenzake hajaamka.

Ikiwa chini ya noti unasikia noti nyingine isiyopatana nayo, kama kivuli chake, pamoja na mvumo, shuku kapasita kubwa za kusafisha umeme. Hizi huzeeka hata chombo kikikaa kabatini.

Sauti iliyopungua nguvu, yenye mvumo zaidi na inayochanika mapema, mara nyingi ni valvu moja kati ya mbili haifanyi kazi. Kabla ya kuilaumu valvu, pima rezista ya skrini yake: omu 470 kwenye Fender nyingi, omu 1,000 kwenye Marshall nyingi. Ikikatika, valvu nzima itaonekana imekufa.

Na ikiwa amplifaya inaanza vizuri kisha inaharibika inavyopata joto? Hiyo ndiyo iliyotupiga sisi.

Kapasita inayovuja

Kati ya valvu ndogo inayogawa mawimbi na kila valvu kubwa kuna kapasita ya kuunganisha, kwa kawaida mikrofaradi 0.022 hadi 0.1. Upande mmoja ina volti zaidi ya 100 za moja kwa moja, upande wa pili kuna gridi inayotakiwa kuwa na volti hasi. Kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia hizo volti. Ikizeeka huanza kuvuja, na huvuja zaidi ikipata joto. Volti chanya zinaingia kwenye gridi, bayasi inaharibika upande mmoja, valvu hiyo inapitisha mkondo kupita kiasi, sauti inachanika. Ukiweka valvu mpya unailisha moto uleule.

Kipimo chake ni rahisi, na ndicho tulichopaswa kukifanya kabla ya kuagiza chochote. Ng'oa valvu kubwa zote chombo kikiwa kimezimwa na kimepoa, lakini acha spika imeunganishwa. Washa, weka multimita kwenye volti za moja kwa moja, waya mweusi kwenye chasisi, mwekundu kwenye pini ya gridi ya soketi: pini ya 5 kwa 6L6, 6V6 na EL34, pini ya 2 kwa EL84. Kwenye amplifaya yenye bayasi ya kudumu, soketi zote zinatakiwa zisome volti hasi ileile. Kwenye ile ambayo valvu hujiwekea bayasi kwa rezista ya kathodi, zinatakiwa zisome sifuri. Soketi moja ikitofautiana na mwenzake kwa volti moja au mbili kuelekea chanya, na tofauti ikiongezeka kadiri dakika zinavyopita, kapasita ya upande huo inavuja. Badilisha zote mbili pamoja, zenye uwezo wa volti 400 au 600.

Soketi moja isiposoma volti yoyote mahali ambapo mwenzake anasoma hasi 50, tafuta rezista iliyokatika au pini iliyolegea inayoleta bayasi.

Kurekebisha bayasi

Hapo tu ndipo valvu mpya zinaruhusiwa kuingia, na zikiingia bayasi lazima ipimwe upya. Mafundi wengi huanzia asilimia 70 ya uwezo wa anodi. Valvu ya 6L6GC ina uwezo wa wati 30, kwa hiyo asilimia 70 ni wati 21. Kama anodi ina volti 450, gawa 21 kwa 450: unapata miliampea 47 hivi. Ukisoma 15, umempata mchawi wa ule mchanga. EL34 hesabu yake inaanzia wati 25, na EL84 ni 12. Sisi tunapenda kukaa chini kidogo ya asilimia 70. Sauti bado ni tamu na valvu zinadumu.

Umeme wa ukutani

Kuna wakati amplifaya haina kosa. Hita za valvu nyingi hizi zinataka volti 6.3. Umeme wa 230 ukishuka hadi 190, jambo ambalo mitaa mingi hulijua saa moja jioni, hita zinapata volti 5.2 hivi, anodi nazo zinashuka, na mkwaruzo unakuja mapema kuliko kawaida. Pima soketi ya ukutani bendi ikiwa inapiga, si asubuhi wakati jirani hawajawasha pasi. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani kwa umeme wa volti 120 hupitia transfoma ya kushusha, na transfoma yenye wati chache huleta shida hiyohiyo kila unapopiga kwa nguvu.

Transfoma ya kutolea sauti iache mwisho. Ni ghali, hufa mara chache kuliko vitu vingine vyote tulivyovitaja, na multimita ya kawaida haiwezi kuonyesha mizunguko michache iliyogusana ndani yake. Ukifikia hapo, azima transfoma nzima ya aina hiyo uijaribu kabla ya kununua.

Matengenezo yakikamilika, iache amplifaya ipigwe nusu saa kwenye chumba chenye giza huku mtu mmoja akiangalia anodi na mwingine akipima gridi kila dakika kumi. Ile ya bendi yetu ilihitaji dakika ishirini kuonyesha ugonjwa wake.